Mwanamke wa Majini: Habari za Ziwa Kivu

Katika nchi yetu ya Kivu watu wengi wamepata kusikia habari za mwanamke wa majini. Juu ni mtu, chini ni samaki. Ana nywele ndefu, na mkononi ana kioo na kitana. Ni mzuri kupita kiasi, tena ni wa kutisha kupita kiasi. Anayependwa naye hutajirika. Anayemkosea huzama, ama huwapoteza watu wa nyumba yake. Wengine humwita Mamba Mutu, wengine Mami Wata. Wapo wanaomcheka mchana, lakini usiku wakiwa ndani ya mtumbwi hawamcheki tena.

Hatukukusudia hapa kuwadharau wanaoogopa. Kuogopa maji ni akili, na asiyeyaogopa hakai sana duniani. Twataka tu kufanya kazi ya mwanahistoria, yaani kuuliza maneno matatu. Mwanamke huyu alitoka wapi? Alifikaje kwetu? Na hofu yake yamfaa nani? Swali la tatu ndilo kubwa, kwa maana watu wa Kalehe wamezika maiti wengi katika miaka hii kwa sababu ya maji, na jibu la swali hilo lahusu haki ya wale waliokufa.

ZIWA LENYEWE

Kwanza tulitazame ziwa. Wilaya ya Kalehe imelala kando yake upande wa magharibi. Kutoka Bukavu mpaka Kalehe ni kilometa 60 hivi kwa barabara iendayo Goma. Mbele yake kipo kisiwa kikubwa cha Idjwi, na ng'ambo ni Rwanda. Ziwa liko juu, mita 1,460 hivi kupita usawa wa bahari, na kina chake chapita mita 480 mahali palipo virefu zaidi.

Wataalamu wa mawe na ardhi watuambia kwamba hapo kale mito ya bonde hili ilikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Ndipo volkano za Virunga zilipotapika, na mawe yaliyoyeyuka yakaziba njia. Maji yakakosa pa kupita, yakapanda, yakafunika mabonde. Vilima vikawa visiwa, na mabonde yakawa ghuba. Mwisho, miaka 10,000 hivi iliyopita, maji yakafurika upande wa kusini, yakajifungulia njia ya mto Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika.

Mtu akipanda mlima wa Kalehe na kutazama jinsi maji yanavyoingia katikati ya vilima kama vidole vya mkono, aweza kuona kwa macho yake kwamba hii ni nchi iliyozama. Si ajabu basi kwamba watu waliuliza tangu zamani: Ni nani aliyeizamisha?

MAMA YAKE MFALME

Ng'ambo ya Rwanda wazee walikuwa na jibu. Walisema kwamba ziwa lilifanywa na mwanamke mmoja jina lake Nyiransibura. Alikuwa jitu, mwenye nguvu zipitazo za watu wote. Siku moja alijisaidia haja ndogo, na maji yake yakajaza bonde lote, yakawa Ziwa Kivu. Watoto wakisikia hadithi hii hucheka. Lakini mwenye kutafuta historia asicheke upesi. Kwanza alipime jina.

Katika Kinyarwanda, neno Nyira- likitangulia jina la mtu laweza kuonyesha mama yake. Basi Nyiransibura ni mama yake Nsibura. Naye Nsibura si mtu wa hadithi za kuchekesha. Padri Alexis Kagame (1912–1981), aliyekusanya mapokeo ya wafalme wa Rwanda, aeleza kwamba Nsibura Nyebunga alikuwa mfalme wa Bunyabungo. Hilo ndilo jina ambalo Wanyarwanda walizipa nchi za magharibi ya ziwa. Wakati Rwanda ilipogawanyika kwa vita vya ndugu, watu wa Nsibura walivuka maji. Mwami Ndahiro Cyamatare aliuawa, na ngoma ya ufalme, iitwayo Rwoga, ikatekwa. Kwa watu wa siku zile kutekwa kwa ngoma ni sawasawa na kufa kwa nchi. Mwana wa Ndahiro, Ruganzu Ndori, alikuwa amefichwa kwa shangazi yake huko Karagwe. Aliporudi alisimika ngoma mpya, Kalinga, akaanza kuirudisha nchi ya baba yake. Mambo hayo yapata miaka 400 au zaidi.

Na upande wetu je? Ukoo wa wafalme wa Buhavu, wenye makao yao Kalehe, huitwa Basibula. Mwamerika mmoja mwenye kuandika historia, David Newbury, aliyefanya utafiti wake Idjwi na kutoa kitabu juu ya wafalme na koo za kisiwa hicho mwaka 1991, aonyesha kwamba wafalme wa Idjwi nao ni wa jamaa hiyo hiyo. Nsibura, Basibula: mwenye masikio na asikie.

Hapo twaanza kuelewa. Mwanamke aliyeogopwa ng'ambo kama mwenye kuleta maji alikuwa mama ya mfalme wa huku. Tukumbuke tena kwamba katika falme zetu mama ya mfalme hakuwa mama tu wa kukaa jikoni. Alikuwa na watu wake na sauti yake barazani, na mara nyingi alishika nchi pamoja na mwanawe. Adui alitoka majini, akaleta kifo cha mfalme na kuteka ngoma; wenye kushindwa wakasema kwamba mama yake ndiye aliyeyatoa maji yenyewe tumboni mwake. Hivyo ndivyo sisi tunavyoisoma hadithi hiyo. Hofu ya jeshi ilivikwa nguo za mwanamke. Na ile dharau ya kusema kwamba ziwa lote ni mkojo wake, hiyo ni kisasi cha mdomo cha watu walioshindwa kwa mkuki.

Baadaye hofu ilivuka tena, safari hii kutoka mashariki. Katika karne ya 19 Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda alivamia Idjwi, na Mwami Kabego wa kisiwa hicho akauawa. Sasa ni watu wa huku walioyatazama maji asubuhi, wakihesabu mitumbwi. Naye Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa ziwani, katika safari ya kwenda kupigana na Washi. Basi kwa muda wa karne nyingi kitu cha kuogopwa katika Ziwa Kivu kilikuwa mitumbwi ya vita ya mwanadamu mwingine.

WATU WA MAZIWA MENGINE

Wala sisi si peke yetu. Kila kabila lililokaa kando ya maji makubwa limeyapa maji mwenyewe. Katika Ziwa Victoria, Waganda walimheshimu Mukasa, na hekalu lake kubwa lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, visiwani Ssese. Yeye ni mwanamume, tena mpole: waliomwomba walitaka samaki, watoto na safari njema. Pwani ya Bahari ya Hindi mama humwonya mtoto habari za chunusi, pepo wa majini ashikaye waogaji na kuwavuta chini.

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na yetu ni ya Wajaluo wa Gwassi, katika nchi ya Kenya. Wasema kwamba mvuvi maskini, Nyamgondho mwana wa Ombare, alivua usiku akapata mwanamke badala ya samaki. Akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo mifugo ikaongezeka, mpaka boma likawa dogo. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akapenda pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana mwanamke yule na asili yake ya majini. Mwanamke hakugombana naye. Aliondoka akaelekea ziwani, na ng'ombe wote, na mbuzi wote, na kuku wote wakamfuata wakaingia majini. Nyamgondho akasimama pwani akitazama, akageuka mti.

Tuiweke hadithi hiyo moyoni, maana tutaihitaji mbele. Tuone mambo mawili. Mali ya Nyamgondho ni mifugo, kitu kinachoonekana na kila jirani. Na kosa lake ni kukosa shukrani kwa mke aliyemtoa katika umaskini. Hakuna siri ndani yake, wala hakuna mtu mwingine anayeuawa.

JINA LISILO LA HAPA

Sasa turudi kwa Mamba Mutu wetu. Jina lake ni Kiswahili kitupu: mamba aliye mtu. Lakini hapo hapo neno lakwama. Ziwa Kivu halina mamba. Mamba wako chini, katika mto Ruzizi na katika Ziwa Tanganyika. Watu wa Kalehe wameoga na kuchota maji tangu zamani za babu zao bila kumwona mnyama huyo. Basi ingekuwaje wazee wa Buhavu wampe mwanamke wa ziwa lao jina la mnyama asiyekuwamo? Jina lenyewe lashuhudia kwamba ni mgeni, amekuja na safari kutoka nchi yenye mamba.

Na njia ya safari hiyo twaijua. Mamba Muntu alijulikana sana Katanga, katika mji wa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na watu wa makabila mengi wakakusanyika kufanya kazi ya shaba. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo meli zapanda mpaka Uvira, na kutoka Uvira barabara yapanda mpaka Bukavu. Vitambaa, chumvi na nyimbo zilipita njia hiyo. Hadithi nayo ni mzigo mwepesi, haina ushuru, kila abiria aweza kuichukua.

Mwanzo wa miaka ya 1970 wataalamu wawili, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walichunguza picha zilizochorwa na mafundi wa mjini Lubumbashi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Picha ya Mamba Muntu ilipendwa sana. Ilitundikwa sebuleni, mahali pa kupokea wageni. Mwanamke mweupe au wa rangi ya maji ya kunde ameketi juu ya mwamba, nywele zake zimeshuka mabegani, mkia wake wa samaki uko majini, na mara nyingi nyoka amemzunguka.

Habari yake ilisimuliwa hivi. Mtu akibahatika kupata unywele wake, au kitu chake, mwanamke yule humjia usiku katika ndoto akikidai. Hapo hupatana: yeye atoa utajiri, mtu atoa ahadi ya kunyamaza. Akifungua mdomo, yote yapotea. Na wengine husema kwamba bei ya mwisho ni uhai wa ndugu.

PICHA ILIYOTOKA HAMBURG

Twaweza kufuata nyayo zake mbali zaidi, na hapa msomaji atashangaa. Katika miaka ya 1880, mjini Hamburg katika Ujerumani, palikuwa na mwanamke aliyecheza na nyoka mbele ya watazamaji katika maonyesho ya Carl Hagenbeck, yule mfanyabiashara wa wanyama. Jina lake la mchezo lilikuwa Maladamatjaute. Kiwanda cha Friedländer, kilichochapa matangazo ya sarakasi, kilitoa picha yake ya rangi: mwanamke mwenye nywele nyingi nyeusi, nyoka mmoja mkononi na kuzunguka kiuno, mwingine juu ya kichwa.

Picha hiyo ilisafiri kwa meli mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi. Huko watu walikuwa na mapepo yao ya maji tangu kale, tena walikwisha kuona sanamu za nguva, nusu mtu nusu samaki, katika mapambo ya meli za Ulaya. Wakaiona picha wakasema: Ndiye huyu. Mwaka 1901, huko Bonny katika Nigeria, palipigwa picha ya sanamu ya kichwani iliyochongwa kwa kuifuata picha ile ya Hamburg. Jina lake likawa Mami Wata, kwa Kiingereza cha pwani, maana yake mama wa maji. Mwaka 1955 kampuni moja ya Bombay katika Uhindi, Shree Ram Calendar Company, iliichapa upya nakala 12,000 kwa ajili ya wachuuzi wa Kumasi na kwingineko. Hivyo ikaenea tena, ikiwa mpya na yenye kung'aa.

Kongo nayo ilikuwa na mlango wake wa magharibi. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilijengwa kutoka 1890 mpaka 1898, na wafanyakazi wengi waliletwa kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi. Watu hawaachi hadithi zao bandarini. Leo Kinshasa husema Mami Wata, Lubumbashi husema Mamba Muntu, na picha zao zafanana kama watoto wa mama mmoja.

Tufikiri kidogo. Mwanamke huyu aitwaye mwenye ziwa letu tangu asili alikuwa mchezaji wa sarakasi kule Ujerumani, akachapwa karatasi, akauzwa Afrika, akachapwa tena Uhindi, akapewa jina la mamba huko Katanga, kisha akapandishwa mpaka ziwa lisilo na mamba. Umri wake kwetu haufiki hata nusu ya umri wa Nyiransibura.

KWA NINI ALIPOKEWA

Lakini mgeni hapokewi bure. Kama watu walimpokea, alijibu swali fulani walilokuwa nalo. Ni swali gani?

Tulinganishe sasa na Nyamgondho. Zamani mali ilikuwa ng'ombe, shamba, watoto. Jirani alijua ng'ombe yule alitoka wapi: kwa mahari, kwa zawadi ya mwami, kwa kuzaa. Ilipokuja fedha, mambo yakabadilika. Fedha yakaa mfukoni, haina miguu, haina alama ya mwenyewe. Mtu aondoka kijijini na shuka moja, arudi na baisikeli, kisha na gari. Wawili wafanya kazi ileile katika shimo lilelile, na mmoja tu atajirika. Tajiri mkubwa kuliko wote, yaani kampuni, hana hata uso. Dhahabu na shaba zaondoka, na anayezichimba hajui zaenda kwa nani. Watu wakauliza: Mali hii yatoka wapi, na nani ameilipa? Mamba Mutu alikuwa jibu. Yatoka mahali pasipoonekana. Imelipwa kwa siri. Na aliyeilipa ni ndugu aliyekufa bila kujua.

Ndiyo sababu hadithi ya Mamba Mutu si hadithi ya kipumbavu. Ndani yake kuna neno la kweli: mara nyingi utajiri wa mmoja umelipwa na kifo cha mwingine. Kosa si swali. Kosa ni kwamba jibu latupeleka kwa mwanamke wa picha, nalo latuzuia kumtafuta mlipaji na mpokeaji wenyewe.

NGUVU ZA KWELI ZA MAJI

Je, hakuna kitu cha kutisha katika ziwa letu? Kipo, tena kikubwa. Mwaka 1935 Mbelgiji Hubert Damas alianza kuyapima maji ya Kivu akaona kwamba chini kabisa yamejaa gesi. Leo hukadiriwa kuwa ndani yake mna kilometa za ujazo 300 hivi za gesi ya kaboni, na 60 hivi za methani, ile iwakayo moto. Maji ya juu yameilalia gesi hiyo kama kifuniko cha chungu. Huko Kameruni, katika Ziwa Nyos, lililo dogo sana mbele ya letu, kifuniko kilifunguka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Gesi ikatambaa mabondeni, na watu 1,700 hivi walikufa pamoja na ng'ombe wao.

Kando ya ziwa upande wa Goma na Sake watu waijua gesi ya kaboni kwa jina lingine. Huiita mazuku. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, hukaa katika mashimo na mabondeni asubuhi mapema kabla ya upepo, na mtoto au mbuzi akiingia humo huanguka asiinuke. Katika ghuba la Kabuno, jirani na Minova, gesi hiyo iko karibu na uso wa maji kuliko mahali pengine ziwani. Mtu akianguka ghafula majini au kando ya maji bila jeraha, twajua sasa kwamba yaweza kuwa mazuku, na kwamba anayemkimbilia bila hadhari aweza kuanguka juu yake.

Tena gesi ile ile ya methani yaweza kutumika. Tangu mwaka 1963, huko Rubona katika Rwanda, ilichotwa ili kuchemsha mitungi ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 mitambo mikubwa zaidi ilizinduliwa upande huo huo wa Rwanda, kutoa umeme wa megawati 26. Basi utajiri wa majini upo kweli. Lakini hauji kwa ndoto, waja kwa mabomba na hesabu.

Na maji ya mlimani je? Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua kubwa ikanyesha, mito ikashuka na mawe na matope, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na maelfu hawakuonekana. Taifa lote liliomboleza tarehe 8 Mei. Milima ile ilikwisha kunyolewa miti yake kwa makaa na mashamba, na nyumba zilijengwa katika njia ya mto. Huyu hakuwa mwanamke wa majini. Maji yalikuja kutoka juu, wala hayakutoka ziwani.

NANI AULIZWE?

Sasa tumefika kwenye lile swali la tatu. Mwezi wa Aprili 2019 boti ilizama katika maji ya Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu 150 hawajaonekana. Baada ya hapo ikaamriwa kwamba kila abiria avae jile, yaani vazi la kuelea majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine, Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, watu wa pwani wakiiona kwa macho. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na gavana wa Kivu ya Kusini ilitaja maiti 78, na abiria 278 waliokuwamo. Vita ilikuwa imekata barabara, wachuuzi wakakimbilia maji, na boti ikapakia kupita nguvu zake. Amri ya jile ilikuwa na miaka mitano.

Hapo ndipo hofu ya Mamba Mutu yaonyesha yamfaa nani. Watu wakisema: Mwanamke wa majini amechukua wake, nahodha hana la kujibu. Mwenye boti hana la kujibu. Aliyepokea ada bandarini na kufumba macho hana la kujibu. Mashtaka yote yameshuka chini ya maji, ambako hakuna hakimu.

Na mashtaka hayo hayakai chini ya maji siku zote. Yakipanda, humwangukia mtu asiye na nguvu. Humwangukia mjane aliyepokea urithi wa mumewe, au mchuuzi wa sambaza aliyefanikiwa kwa kuamka saa tisa ya usiku, au kijana aliyesalimika peke yake. Hunong'onwa: Mbona yeye hakufa? Mbona amejenga? Samaki wale wa sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi huwavua kwa taa na nyavu, katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Faida yake ni jasho linaloonekana na kila mtu aliye macho usiku. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uwongo, na uwongo unaonong'onwa kando ya maiti ni mbaya kuliko ule unaosemwa barazani.

Twajua kwamba msiba wataka jibu siku ile ile. Mama aliyepoteza mwana hawezi kungoja wataalamu. Lakini jibu la haraka ndilo lililowafanya watu wa zamani wamvike Nyiransibura maji yote ya ziwa, na huku mikuki iliyowashinda ilishikwa na watu wenye majina. Leo pia kila boti ina jina, ina mwenyewe, ina karatasi ya ruhusa na hesabu ya abiria inayoruhusiwa. Kila mlima una aliyekata miti yake na aliyemruhusu kukata.

Wazee na waendelee kusimulia habari za Nyiransibura, maana ndani yake mna historia ya kweli ya Buhavu na Rwanda, nayo ingepotea ikiwa vijana wangeona haya kuisikiliza. Picha ya Mamba Mutu nayo na ikae ukutani kwa anayeipenda. Ni kazi nzuri ya mafundi wetu. Lakini mtu anaposimama bandarini na mzigo wake, na ahesabu jile kabla ya kutoa nauli. Zikiwa pungufu, aseme kwa sauti, na walio nyuma yake waseme pamoja naye. Nahodha akikataa kuondoka na watu kupita kiasi, asitukanwe kwa kuchelewesha soko. Na boti ikizama, jambo la kwanza la kuulizwa liwe hili: ilipakia watu wangapi, na nani alitoa ruhusa?

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaeleza.